Mbio za Mwanga Huishia Ukingoni

Mara ya kwanza nilipowasha diodi niliyoitengeneza kwa mikono yangu, niliitazama upande usiofaa. Taa za chumba zilikuwa zimezimwa. Nilipandisha volti polepole, na kidoa cha kijani, milimita mbili kwa mbili, kikajitokeza katikati ya kipande cha kioo. Nilikaribia kupiga kelele. Mwenzangu aliyenitangulia maabara kwa miaka mitano, ambaye wote tulimwita Kaka, aliinama akakitazama kile kioo kwa ubavu, kisha akanivuta shati.

"Achana na uso, dogo. Angalia ukingo."

Ukingo ulikuwa unang'aa kuliko uso. Mstari mwembamba wa kijani ulikizunguka kioo pande zote nne, mbali kabisa na kile kidoa. Huko ukingoni hapakuwa na umeme wala utando wowote wa kutoa mwanga. Ule ulikuwa mwanga wangu mimi: ulizaliwa katikati, ukakosa mlango, ukakimbia ndani ya kioo mpaka kioo kikaisha. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Sidhani kama walikuwa wanafikiria diodi, lakini mpaka leo sijapata maelezo mafupi zaidi ya tatizo lililonikalia kichwani miaka yote iliyofuata.

Nikiulizwa nafanya kazi gani, wengi hudhani ugumu wa OLED, yaani diodi ya oganiki inayotoa mwanga, ni kuufanya utando wa molekuli za kaboni uwake. Hapo tumeshapita. Ugumu uko kwenye milango miwili, wa elektroni kuingia na wa mwanga kutoka. Nilichochelewa kuelewa ni kwamba milango yote miwili ina bawabu mmoja.

Kifaa chenyewe kwa maneno machache. Unachukua kioo kilichopakwa oksidi ya indiamu na bati, utando unaopitisha mwanga na umeme pia; hiyo ndiyo anodi. Juu yake unatandaza molekuli zinazopitisha matundu, yaani zile nafasi zinazoachwa wazi elektroni zinapoondoka. Kisha unatandaza molekuli zinazopitisha elektroni, na mwisho kabisa metali inayoakisi mwanga kama kioo cha kujitazamia. Metali hiyo ndiyo kathodi. Matundu yanatokea chini, elektroni zinatokea juu, vinakutana katikati, na jozi ikishaungana hutoa mwanga. Matabaka yote ya kaboni kwa pamoja yana unene wa nanomita 100 hadi 200 hivi. Unywele mmoja wa kichwani ni mnene kuliko hapo mara mia kadhaa.

Wembamba huo ulipatikana kwa taabu. Mwaka 1963 Martin Pope na wenzake wa New York University waliwasha fuwele za anthrasini zenye unene wa mikromita 10 hadi 20, na walihitaji takriban volti 400. Mwaka 1987 Ching Tang na Steven Van Slyke wa Kodak wakachapisha kifaa cha matabaka mawili membamba, kathodi yake ikiwa mchanganyiko wa magnesi na fedha kwa uwiano wa 10 kwa 1. Kikatoa mng'ao wa zaidi ya kandela 1000 kwa mita ya mraba kwa volti zisizofika 10. Kila skrini ya OLED iliyopo leo ni mjukuu wa kifaa kile.

Lakini ufanisi wake ulikuwa asilimia 1 tu. Kati ya elektroni 100 zilizopita, fotoni moja, yaani chembe moja ya mwanga, ndiyo iliyotoka nje. Nilipokuwa mgeni kwenye kazi hii niliiona namba hiyo kama aibu ndogo ya ujana wa teknolojia. Baadaye nilikaa na kalamu nikaifuatilia, na ndipo nilipoanza kuiheshimu.

Elektroni na tundu vikikutana, spini zao (sifa ya chembe inayofanana na kujizungusha) huamua jozi itakuwa ya aina gani, na kwa wastani jozi moja tu kati ya nne ni ya aina inayoweza kutoa mwanga katika molekuli za kawaida. Kwa hiyo kati ya 100 zimebaki 25. Molekuli waliyotumia, Alq3, ambayo ni atomu ya alumini iliyoshikwa na mikono mitatu ya oganiki, ikiwa katika utando hugeuza robo au theluthi tu ya jozi hizo kuwa mwanga. Zimebaki saba, nane hivi. Na katika fotoni hizo, moja kwa tano ndiyo inayofanikiwa kutoka nje ya kioo. Umefika kwenye moja na ushei.

Hasara mbili za kwanza ni za kemia, na wanakemia walizimaliza kwa ustadi wa ajabu. Mwaka 1998 Marc Baldo, Stephen Forrest, Mark Thompson na wenzao walionyesha kwamba ukiweka atomu nzito ya platini ndani ya molekuli, zile jozi tatu zilizokuwa zinapotea nazo hutoa mwanga. Iridiamu ikafuata na kufanya vizuri zaidi, na kufikia 2001 karibu kila jozi iliweza kugeuzwa fotoni. Nazitaja kwa haraka, ingawa zinastahili makala yake, kwa sababu ya jambo lililotokea baada ya hapo. Ufanisi wa nje ulipanda mpaka karibu asilimia 20, kisha ukagonga ukuta. Ndani fotoni zilikuwa tele. Nje zilifika moja kwa tano, vile vile kama zamani.

Ukuta huo ni hesabu ya darasani. Mwanga ukitoka kwenye kitu kinachoupinda sana kwenda kwenye kitu kinachoupinda kidogo, mwale ulioinama kupita kiasi hautoki; unarudishwa ndani wote, bila hata chembe kuvuja. Kwa kioo cha kawaida na hewa mpaka huo ni nyuzi 42 hivi. Matabaka ya kaboni yana kipimo cha kupinda mwanga cha 1.7 au zaidi, kioo 1.5, hewa 1. Chukua miale inayotawanyika sawasawa kila upande, jaalia kathodi ni kioo kamilifu cha kuakisi, kisha piga hesabu. Asilimia 19 inatoka nje. Asilimia 34 inafika kwenye kioo na kunaswa humo. Asilimia 47 haivuki hata kuingia kwenye kioo, bali inakwenda na kurudi ndani ya tando nyembamba za kaboni na anodi mpaka imezwe. Ile asilimia 34 ndiyo Kaka aliyokuwa ananionyesha ukingoni. Ile 47 haionekani popote, na ndiyo inayouma zaidi.

Sasa nirudi kwa elektroni, maana hapo ndipo nilipoharibu mambo.

Elektroni ndani ya metali imekaa shimoni. Kuing'oa kutoka kwenye alumini kunahitaji nishati ya elektronivolti 4.2 au 4.3. Ngazi tupu inayoipokea ndani ya Alq3 iko kwenye 3 hivi. Tofauti ya zaidi ya elektronivolti moja inasikika ndogo, lakini joto la chumba linaipa elektroni kama 0.025 tu. Ni kizingiti kirefu mara hamsini kuliko hatua ya anayetaka kukivuka. Ndiyo maana Kodak walitumia magnesi, yenye 3.7 hivi. Wengine wakatumia kalsiamu, yenye 2.9, na kweli elektroni ziliingia kwa wingi. Tatizo la metali za namna hii ni kwamba kinachozifanya ziachie elektroni kwa urahisi ndicho kinachozifanya zishambuliwe na hewa na unyevu. Kalsiamu ukiitoa nje ya kabati la glavu, lile lililozibwa hewa isiingie, hugeuka kutoka kung'aa hadi kuwa ukungu mweupe ukiwa unaitazama. Fedha iliyochanganywa na magnesi ilisaidia kuituliza, hakuna zaidi.

Suluhisho lililokuja mwaka 1997, tena kutoka Kodak, lilinishangaza niliposoma habari zake, na bado linanishangaza. Hung, Tang na Mason waliweka floridi ya lithiamu chini ya alumini. Floridi ya lithiamu ni kihami cha kupindukia: pengo lake la nishati linazidi elektronivolti 13, na hakuna mtu mwenye akili timamu angeitumia kama njia ya umeme. Lakini ikiwa na unene wa nusu nanomita hadi nanomita moja, elektroni zinamiminika. Nusu nanomita ni zaidi kidogo tu ya hatua moja ya mpangilio wa atomu katika fuwele yake. Alumini ya moto inapotua juu yake, mbele ya molekuli za Alq3, floridi huvunjika, lithiamu inaachiliwa na kuzipa molekuli za jirani elektroni zake. Pia inahamisha ngazi za nishati pale mpakani, kizingiti kikapungua. Umepata faida ya metali kali bila kuishika metali kali mkononi.

Nusu nanomita, basi. Unaipima kwa fuwele ya kwazi inayotetema mara milioni kadhaa kwa sekunde ndani ya chemba ya ombwe. Mvuke ukitua juu yake inakuwa nzito, mtetemo unapungua, na mashine inakuambia unene. Shida ni kwamba fuwele haikai mahali kilipo kioo chako. Lazima uipe mashine uwiano wa kati ya kinachotua pale na kinachotua hapa. Siku moja kihisio kilisogezwa kupisha mtumbwi mpya wa tungsteni, kile chombo cha kuvukizia, na uwiano haukubadilishwa. Sitasema nani alikisogeza. Asiyebadilisha uwiano nilikuwa mimi.

Kwa wiki tatu nilitengeneza vifaa vilivyohitaji volti 9 kufanya kazi ambayo ilipaswa kufanywa na 4. Nilibadilisha Alq3, nikasafisha upya vioo, nikalaumu pampu, nikalaumu unyevu, nikaandika ukurasa mzima wa nadharia kuhusu uchafu kwenye anodi (nadharia nzuri, kwa kweli, ila ya uongo). Kaka alisikiliza yote, kisha akauliza swali moja: "Umeshapima unene kwa njia nyingine?" Nikatandaza floridi nene makusudi, nikaipima kwa sindano inayotambaa juu ya ngazi ya utando. Nilichokiita nanomita 0.8 kilikuwa karibu 3. Mlango ulikuwa umegeuka ukuta: kihami kilikuwa kimerudi kuwa kihami.

Nilijifunza kitu kingine katika wiki hizo ambacho sikukitafuta. Vifaa vile vibovu havikuwa tu na kiu ya volti. Vilikuwa hafifu hata mkondo ulipokuwa sawa na wa vifaa vizuri, na vilikufa mapema. Sababu ni kwamba matundu hayana shida ya mlango. Yanaingia kirahisi na yanasafiri kwa kasi kubwa kuliko elektroni, mara kumi na hata mia. Elektroni zikichelewa, matundu yanajazana, yanavuka hadi upande wa pili bila kukutana na mwenza, na Alq3 iliyobeba tundu ni molekuli dhaifu inayoharibika. Kwa hiyo anayeshughulikia mlango wa elektroni hapunguzi volti tu. Anaamua jozi ngapi zitafungwa, zitafungwa wapi, na kifaa kitaishi muda gani.

Zitafungwa wapi: ni swali hilo ndilo lililonifikisha kwa bawabu.

Ile hesabu yangu ya asilimia 19 ilijaalia kathodi ni kioo tu, kinachorudisha kila kinachopewa. Sivyo. Elektroni huru zilizo juu ya uso wa metali zinaweza kucheza kwa pamoja kama mawimbi juu ya maji, na wimbi hilo, plasmoni, linaweza kunyonya nishati ya jozi moja kwa moja kabla hata haijawa mwale. Linatambaa kando ya metali na kuishia kuwa joto. Kadiri jozi inavyofungwa karibu na metali ndivyo inavyonyonywa zaidi; ndani ya makumi machache ya nanomita ni hasara kubwa kuliko zote. Kikulacho ki nguoni mwako. Metali ile ile niliyoibembeleza kwa floridi ili itoe elektroni ndiyo iliyokuwa ikila mwanga wake.

Dawa ya dhahiri ni kusogea mbali. Lakini huwezi kusogea popote upendapo, kwa sababu kathodi ni kioo cha kuakisi na mwanga ni wimbi. Wimbi linalokwenda mbele na lile linalorudi kutoka kwenye metali yakikutana yakiwa hatua moja yanajengana, yakipishana yanauana. Kwa kijani mahali pazuri pa kwanza ni kama nanomita 60 kutoka kwenye metali, na hapo plasmoni bado inashiba. Mahali pazuri panapofuata ni nusu ya urefu wa wimbi zaidi, yaani kama nanomita 210. Hapo plasmoni haifiki kirahisi.

Ila sasa umeiambia elektroni ivuke nanomita 210 za tabaka ambalo inasafiri ndani yake kwa kusuasua. Katika matabaka ya namna hii mkondo hupungua kwa unene mara tatu juu ya wenyewe: fanya unene uwe mara tatu, na kwa volti zile zile mkondo unakuwa mdogo mara 27. Nilipoona hesabu hiyo niliweka kalamu chini. Kila nilichopata kwenye mwanga ningekilipa kwenye umeme.

Kilichofungua fundo hili ni kuchanganya. Mwaka 1998 Junji Kido na Toshio Matsumoto walionyesha kwamba ukivukiza lithiamu pamoja na molekuli za oganiki, tabaka zima linajaa elektroni tayari, si mpakani peke yake. Kundi la Karl Leo kule Dresden likaichukua njia ya kuchanganya na kuitumia pande zote mbili za kifaa. Tabaka lililochanganywa hivyo linapitisha umeme vizuri kiasi kwamba unene unakuwa huru. Unaweza kuongeza nanomita 150 na volti zisitikisike. Kwa maneno mengine, mtu wa elektroni alimpa mtu wa mwanga zawadi aliyokuwa hathubutu kuiomba: uhuru wa kuchagua umbali.

Mwaka 2009 Sebastian Reineke na wenzake wa Dresden walichapisha katika Nature diodi nyeupe iliyokusanya mambo haya yote. Matabaka yaliyochanganywa, umbali mrefu kutoka kwenye kathodi, na kioo chenye kipimo cha kupinda mwanga cha 1.78. Kioo hicho kina maana kubwa, kwa sababu mwanga unaouokoa kutoka kwa plasmoni hauendi nje moja kwa moja. Mwingi unahamia kwenye mfereji wa tando za kaboni. Kioo kikilingana na tando hizo, mfereji unakosa kingo, mwanga unamwagika ndani ya kioo, na kutoka hapo unaweza kukamatwa. Walipouchonga uso wa nje wa kioo walipata lumeni 90 kwa wati katika mng'ao wa kandela 1000, kiwango cha mirija ya fluoresenti, na walipoweka nusu tufe ya kioo ili kutoa zaidi walifika 124.

Kuuchonga uso, au kuubandika lenzi ndogo ndogo, ndiyo sehemu rahisi ya kazi hii, na labda ndiyo maana ina makala nyingi kuliko zote. Möller na Forrest walipata ongezeko la mara 1.5 mwaka 2002 kwa safu ya lenzi ndogo. Hata karatasi angavu yenye ukungu inasaidia. Kwa taa ya dari ni jambo zuri. Kwa skrini ya simu ni balaa, kwa sababu lenzi zinachanganya mwanga wa nukta moja na wa jirani yake, picha ikawa na ukungu. Huko wanautolea mwanga juu, kupitia kathodi ya magnesi na fedha iliyo nyembamba mpaka inapenyeka, na utando mmoja zaidi juu yake wa kurekebisha mwangwi wa mawimbi. Bawabu amekuwa mlango wenyewe.

Hapa niseme neno kuhusu vipimo, kwa sababu nimekasirika mara nyingi nikisoma namba za watu. Ukiweka kifaa chako chote ndani ya tufe la kukusanyia mwanga bila kuziba kingo, mwanga wa ukingoni unahesabiwa kama wa usoni. Namba inapendeza. Lakini ni mwanga usiomfikia mtu. Mimi nazipaka kingo rangi nyeusi kabla ya kupima, na nikipokea makala ya kuhakiki isiyosema lolote kuhusu kingo, swali langu la kwanza ni hilo hilo. Wengine wananiona msumbufu.

Kuna njia nyingine ambayo haihitaji kuchonga chochote, nayo ni kulaza molekuli. Molekuli inayotoa mwanga ni kama antena: haitoi kitu kuelekea ncha zake. Ikisimama wima, karibu mwanga wote unakwenda kando, kwenye mfereji na kwa plasmoni. Ikilala, unakwenda mbele. Mpangilio wa kubahatisha unatoa theluthi mbili zikiwa zimelala, na molekuli zenye umbo bapa au refu hujilaza zenyewe zaidi ya hapo wakati wa kutua. Hivyo ndivyo vifaa kadhaa vimevuka asilimia 30 bila lenzi yoyote.

Wiki iliyopita nilikamilisha kifaa chenye kioo kinachopinda mwanga sana, tabaka lililochanganywa, na nusu tufe ya kioo iliyogandishwa usoni kwa mafuta yanayolingana nayo katika kupinda mwanga. Nilizima taa. Sikupaka kingo rangi safari hii. Kidoa cha kijani kiliijaza ile nusu tufe yote, nami nikapiga picha ya ukingo tu, nikamtumia Kaka, ambaye siku hizi yuko maabara nyingine mbali.

Akajibu baada ya saa moja: "Naona bado kuna kijani kidogo, dogo. Umbali gani kutoka kwenye metali?"

"212," nikaandika.

"Jaribu 225."